JE, KILA NJAA NI MFUNGO?



Leo tunapenda kuweka mbele yenu ulizo moja ambalo linatusumbua tangu mfungo wa siku 40 wa mwaka 2025. Ulizo ni hili: mtu asiyekula kwa kuchagua, na mtu asiyekula kwa kukosa, wakikaa kwenye benchi moja ndani ya kanisa, wote wawili tumbo tupu, je, wote wawili wanafunga? Na kama ni mmoja tu anayefunga, yule wa pili anafanya nini? Na yule wa kwanza ana deni gani kwake?

Sisi si mwalimu wa teolojia. Tulimaliza masomo ya sekondari, tukashika randa na msumeno, na mpaka leo tunatengeneza vitanda, milango na meza hapa Majengo. Hatuandiki kwa sababu ya kujua sana. Tunaandika kwa sababu tulikosea, na kosa lililofichwa halifundishi mtu.

1. Namna tulivyoanza

Mnakumbuka hali ya mji wetu katika mwaka ule. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia Goma. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, watu wa kazi wakakosa mishahara, na wenye kuuza wakakosa wanunuzi. Hata kabla ya hapo, barabara za Masisi na Rutshuru, ambazo zinatuletea maharagi, viazi na mahindi, zilikuwa zimekatwa mara kwa mara kwa miaka mitatu. Ndipo ufunuo ukaletwa kanisani kwamba watumishi wafunge na kuomba kwa ajili ya amani. Wazee wa kanisa wakakubali siku 40, tangu siku ya kwanza tarehe 9 mwezi wa sita mpaka siku ya tano tarehe 18 mwezi wa saba. Kila mtumishi aliachiwa kuchagua namna yake, kadiri ya nguvu na kazi yake.

Sisi tulichagua ratiba. Tulisema: tutakula kati ya saa sita za mchana na saa kumi na mbili za jioni tu. Nje ya saa hizo, maji peke yake. Tuliona ni namna nzuri kwa fundi anayepasua mbao. Na tuseme ukweli wote: tulikuwa tumesikia kwa redio, na kwa vijana wenye simu, kwamba kula kwa saa chache kunafaa mwili, kunapunguza tumbo na kusafisha damu. Tukawaza moyoni, hii ni kuvuna mara mbili katika shamba moja, Mungu atafurahi na mwili utafurahi. Tena siku ya Mungu iliyofuata tulisimama mbele ya watu na kutangaza ratiba yetu, tukisema ni kwa kutia wengine moyo. Bwana alikataza jambo hilo waziwazi (Matayo 6:16-18). Tulilijua andiko, na hata hivyo tulisimama.

2. Mambo tuliyoyaona katika mwili

Siku tatu za kwanza kichwa kiliuma. Mwili wetu ulizoea chai na mandazi saa moja za asubuhi, na saa moja ilipofika ulipiga kelele kama mtoto. Siku ya nne kelele zilipungua. Juma la pili tuliona kwamba asubuhi tunaamka na akili nyepesi, maombi ya saa kumi na moja hayana usingizi, na mkono unashika msumeno bila kutetemeka. Waganga wanasema mwili una ghala mbili: sukari iliyowekwa ndani ya ini, na mafuta yaliyowekwa chini ya ngozi. Mtu asipokula saa nyingi, ghala ya kwanza inapungua na mwili unafungua ile ya pili. Hii si miujiza. Ndivyo Mungu alivyouumba mwili, ili mtu asianguke kila mara chakula kinapochelewa.

Lakini tuangalie vizuri. Ghala ya pili inafaa mtu ambaye jana alikula, na kesho atakula. Mtu ambaye mafuta yake yamekwisha, mwili wake unaanza kula nyama yake mwenyewe. Ratiba ileile, saa zilezile, kwa mmoja ni mazoezi na kwa mwingine ni kuharibika.

3. Wanafunzi watatu na walimu watatu

Tulijiita mwalimu wa wengine, kumbe ni sisi tuliokuwa mwanafunzi. Mungu alituletea walimu watatu.

Wa kwanza ni kijana anayejifunza kazi katika atelie yetu. Siku ya sita ya mfungo, saa nne za asubuhi, alikata ubao vibaya. Tulimfokea mbele ya mteja, tukamwita mtu asiye na akili. Baadaye jioni, hasira ilipopoa, tulimwuliza kwa nini mkono wake ulipotea. Akasema, akitazama chini: "Papa, nilisikia kizunguzungu. Asubuhi sikukula." Tukamwuliza, tangu lini hali asubuhi? Akajibu: "Kwetu tunakula usiku tu, Papa. Ni tangu mwezi wa pili."

Tulikaa kimya. Sisi tulikuwa na siku sita za njaa ya nusu siku, na tayari tulimfokea mtu. Yeye alikuwa na miezi minne, na hakuna siku alimfokea mtu. Ni nani kati yetu alikuwa na matunda ya mfungo?

Mwalimu wa pili ni mama watoto wetu. Juma la pili tulijisifu mbele yake kwamba mfungo unaendelea vizuri. Akatujibu kwa upole: "Baba watoto, umehamisha saa, hukuhamisha chakula." Hatukuelewa. Akatuonyesha sufuria. Kweli, chai ya asubuhi hatukuinywa, lakini saa sita tulikula bugali wa watu wawili, na saa kumi na moja za jioni, kabla ratiba haijafungwa, tulikula tena, wa kwanza katika nyumba, kwa sahani kubwa. Watoto walirudi kutoka masomo na kuchezacheza, wakakuta sombe imebaki chini ya sufuria. Kwa saa tulikuwa tunafunga. Kwa kipimo, tulikuwa tunakula kuliko zamani, na mfungo wetu ulikuwa unalipwa na watoto.

Tulipochunguza jambo hili tulikuta kwamba hata wenye elimu wamelipima. Mwaka 2022 waganga wa mji wa Guangzhou, katika nchi ya China, walitoa matokeo ya watu 139 wanene waliofuatwa mwaka mzima. Wote walipunguziwa kiasi cha chakula. Nusu yao waliambiwa wale kati ya saa mbili za asubuhi na saa kumi za jioni tu. Wengine waliachiwa saa yoyote. Mwisho wa mwaka wote walikuwa wamepungua, na tofauti kati ya makundi mawili haikuwa kubwa ya kutosha kusema kwamba ni saa zilizofanya kazi. Mama watoto hakusoma kitabu cha China, lakini sufuria ilimfundisha jambo lilelile: saa peke yake hazifanyi kazi, kinachopima ni kiasi kilichotoka katika sahani na mahali kilipokwenda.

Mwalimu wa tatu alikuwa mama mmoja mjane wa kanisa letu. Alitungoja mlangoni kisha ibada, tukiwa bado na kanzu nyeupe, akasema: "Papa Shemasi, nilisikia ratiba yako. Sisi pia tuna ratiba. Wakubwa wanakula leo, wadogo wanakula kesho. Wewe utafungua mfungo wako tarehe 18. Sisi, nani atatufungulia?"

Hatukupata jibu. Tulisema maneno ya kawaida, "Mungu atatenda, Mama", naye akaenda zake. Lakini ulizo lilibaki nasi kama mwiba katika mguu.

4. Majina ambayo nchi yetu imeipa njaa

Wapendwa, nchi yetu imejua taabu hii siku nyingi hata imeipa majina. Watu wa Kinshasa walipozoea kula mara moja kwa siku waliita hiyo "gong unique", yaani kengele inapigwa mara moja tu. Na pale ambapo hata mara moja haiwezekani kwa wote, wakachukua neno la umeme: delestaji. Kama vile umeme unavyokatwa mtaa huu ili mtaa ule upate, vivyo hivyo watoto hawa wanakatwa leo ili wale wapate, na kesho wanabadilishana. Watu walicheka waliposema maneno hayo, kwa sababu Mkongomani anacheka ili asilie. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2025 wenye kuhesabu njaa ya ulimwengu walisema kwamba Wakongomani karibu milioni 28 walikuwa katika njaa kali. Hiyo ni hesabu kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa kwa nchi yetu, nchi yenye mvua, mito na udongo mweusi wa volkano unaootesha hata mti uliochomekwa.

Basi ndani ya Majengo peke yake kuna watu wa namna tatu wasiokula asubuhi. Kuna anayefunga kwa ajili ya Mungu. Kuna anayefuata ratiba kwa ajili ya afya. Na kuna aliye katika delestaji. Saa nne za asubuhi matumbo yao yote yanatoa sauti moja. Ukiwapita barabarani huwezi kuwatofautisha. Tofauti iko wapi?

Sisi tumeona tofauti tatu. Ya kwanza ni kuchagua: anayefunga alisema ndiyo, na anaweza kusema hapana, lakini aliye katika delestaji hakuulizwa. Ya pili ni mwisho: anayefunga anajua saa na tarehe ya kula, na kujua huko ni nusu ya nguvu zake. Mjane wetu hajui. Ya tatu ni sahani: anayefunga ameacha kitu kilichokuwa mkononi mwake, kwa hiyo kuna sahani iliyobaki, na sahani hiyo inaweza kupewa mtu. Mwenye njaa ya kukosa hana sahani iliyobaki.

5. "Na atoe njaa yake kama sadaka"

Tulipozungumza jambo hili na ndugu wengine, mmoja alisema: "Huyo mama anakosa imani. Na achukue njaa yake, aitoe kwa Mungu kama mfungo, atabarikiwa." Neno hili linasikika vizuri, na tunajua wengi wanalisema kwa moyo mwema. Tumelipima, na tunaona halisimami.

Sadaka ni kitu kilichokuwa chako ukakitoa. Mfalme Daudi alikataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu (2 Samweli 24:24). Tugeuze neno hilo upande wa pili: mtu hawezi kutoa alichonyang'anywa. Mwizi akichukua mbuzi wako usiku, asubuhi huwezi kusema umemtolea Mungu mbuzi. Na kama tukimwambia mjane kwamba njaa yake ni sadaka, tunamfanya Mungu kuwa mpokeaji wa vitu vya wizi. Njaa ya Goma haikutoka mbinguni. Ilitoka kwa vita, kwa barabara zilizokatwa, kwa kazi zilizofungwa. Na sehemu yake nyingine, tuone haya kulisema, inatoka kwa nyumba zetu ambamo sahani inahamishwa saa bila kupita mlango.

Tuangalie Mungu mwenyewe alifanya nini alipokuta mtu mwenye njaa asiyoichagua. Hajiri alipotupwa jangwani na mtoto, Mungu hakumwambia afunge, alimwonyesha kisima (Mwanzo 21). Eliya alipolala chini ya mti akitaka kufa, malaika hakumhubiria. Alimletea mkate na maji, akamwamsha ale, na mara ya pili akamwamsha ale tena. Ni kisha kula hivyo alitembea siku 40 (1 Wafalme 19). Siku 40 za Eliya zilianza kwa chakula! Paulo naye, ndani ya mashua iliyopigwa na dhoruba, watu wakiwa siku 14 bila kula kwa hofu, hakuwaambia waendelee ili Mungu awaokoe. Aliwasihi wale, akachukua mkate wa kwanza yeye mwenyewe mbele yao (Matendo 27:33-36).

Mtu ataleta mjane wa Sarepta, ambaye Eliya alimwomba mkate wa mwisho (1 Wafalme 17). Ni kweli aliomba. Lakini tusome mpaka mwisho wa habari: unga wa chombo haukwisha, siku zote mpaka mvua ikanyesha. Basi mtumishi yeyote anayemwomba mjane kikombe chake cha mwisho, aangalie kama anaweza kusimama karibu na chombo kile mpaka mvua inyeshe. Kama hawezi, asimwombe.

Hatusemi kwamba Mungu hasikii maombi ya mwenye njaa. Anayasikia sana. Tunasema kwamba anayasikia kama kilio, wala tusikiite kilio mfungo ili sisi tupate kulala.

6. Mfungo unaoua

Tuna sababu ya kuogopa mafundisho mabaya juu ya jambo hili. Katika mwezi wa ine 2023, katika pori la Shakahola, upande wa Kilifi katika nchi ya Kenya, serikali ilianza kufukua makaburi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa katika udongo, na kati yao watoto wengi. Walikuwa waumini wa mhubiri mmoja, ambaye alishitakiwa kwamba aliwafundisha kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Walikuwa watu wanaosali, kama sisi. Waliimba, kama sisi. Mfungo wao ulianza kama kuchagua, ukaisha kama kulazimishwa, na watoto hawakuchagua hata siku ya kwanza.

Hata Biblia ina mfano wake. Mfalme Sauli aliwaapiza askari wasionje chakula mpaka jioni. Watu walizimia, na Yonatani, ambaye hakusikia kiapo, alionja asali, macho yake yakapata nuru, akasema kwamba baba yake ameitaabisha nchi. Jioni watu wenye njaa walikimbilia nyama pamoja na damu, wakaingia katika dhambi kwa sababu ya kiapo kile (1 Samweli 14). Mfungo ulioamriwa na mkubwa kwa ajili ya sifa ya mkubwa unazaa dhambi kuliko inayokatazwa.

Kwa hiyo tunasema wazi kwa wapendwa wote: mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, mtoto, mzee dhaifu, mgonjwa wa sukari, na anayekunywa dawa za kifua kikuu au dawa nyingine za kila siku, asijitie katika ratiba hizi bila kuongea na munganga. Wakristo wa Kanisa la Etiopia, ambao wanafunga kila siku ya tatu na siku ya tano, na siku 55 kabla ya Pasaka, wanawaachilia watoto wadogo na wagonjwa. Hakuna anayewaita watu wasio na imani.

7. Basi, tuache kufunga?

Ndugu mwingine alituuliza: "Kama ni hivyo, shemasi, mfungo ni mchezo wa wenye chakula. Afadhali tuache." Hapana. Kama tusingefunga, tusingejua njaa ya kijana wa atelie. Tulifanya kazi naye miezi minne na hatukuona. Tumbo letu lilipokuwa limeshiba saa nne za asubuhi, macho yetu yalikuwa yamefungwa. Mfungo ulitufungua macho, ijapokuwa ulianza kwa kutufunua ubaya wetu. Hiyo ni kazi yake ya kweli. Mfungo ni mlango. Kosa letu lilikuwa kusimama mlangoni na kujisifu kwamba tumefika.

Na mlango huu unajulikana tangu zamani. Nabii Isaya, katika sura ya 58, alionyesha kwamba mfungo anaoutaka Mungu unapita katika mkate unaogawanywa na mwenye njaa. Katika karne ya pili, Mkristo mmoja wa Rumi aliandika kitabu kinachoitwa Mchungaji wa Herma. Humo mwenye kufunga anafundishwa ahesabu bei ya chakula ambacho angekula siku ile, kisha bei hiyo ampe mjane au yatima. Hata jirani zetu Waislamu, mwisho wa Ramadhani, wanatoa chakula kwa maskini, kipimo kwa kila kichwa cha nyumba, kabla ya sala ya sikukuu, ili siku ya kula wote wale. Hatuwezi kushindwa na jirani katika jambo ambalo nabii wetu wa Biblia alilisema kabla.

Tena sisi watu wa Majengo tumelionja jambo hili. Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano kisha Nyiragongo kulipuka, mtaa wetu ulikuwa kati ya mitaa 10 ya Goma iliyoamriwa kuondoka. Tulitembea kuelekea Sake na watoto mgongoni. Usiku ule nyumba moja isiyotujua ilitufungulia. Walikuwa na sufuria moja ya maharagi kwa watu wao. Waliongeza maji, wakagawanya, wakala pamoja nasi. Hawakuita jambo hilo mfungo. Lakini walikula nusu ili sisi tule nusu, na tukiulizwa leo mfungo ni nini, tunaikumbuka sufuria ile.

8. Tulichobadilisha

Siku ya 15 ya mfungo tulibadilisha ratiba. Saa hazikubadilika. Tulimwomba mama watoto apime kila asubuhi chakula ambacho tungekula, akitoe kabla hatujaamka vizuri, ili tumbo lisipate nafasi ya kusema. Jioni sahani yetu ikapimwa pia, na watoto wakala wa kwanza. Chakula cha asubuhi kiligawanyika: uji kwa kijana wa atelie saa mbili, kabla ya kushika msumeno, na kikombe cha unga ndani ya ndoo yenye kifuniko. Kila siku ya posho ndoo ilikwenda kwa mjane, jioni, mkononi mwa mtoto wetu, bila jina la kanisa na bila shemasi.

Ni kitu kidogo sana. Tangu siku ya 15 mpaka siku ya 40 ni vikombe 26 vya unga. Vikombe 26 havimalizi delestaji katika nyumba ya watoto watano. Tulipata haya kuona udogo wake. Lakini kijana hakukata tena ubao vibaya, na sisi hatukufoka tena saa nne.

Katika siku zile, tarehe 27 mwezi wa sita, redio ilitangaza kwamba mawaziri wa Kongo na wa Rwanda wametia sahihi mapatano ya amani huko Washington. Kanisani tulipiga vigelegele, tukasema Mungu amejibu. Tulimtazama yule mama. Alipiga makofi pamoja na wote. Lakini sufuria yake haikusikia redio. Amani inayoombwa kwa mfungo ina mahali pawili pa kushuka: karatasini kwa wakubwa, na mezani kwa wadogo. Ile ya karatasini tunaiomba. Ile ya mezani, sehemu yake imo mkononi mwetu, na si haki kuimwachia Mungu peke yake.

Tarehe 18 mwezi wa saba mfungo uliisha. Tulikula asubuhi, tukaimba. Kesho yake, siku ya posho, mtoto alipeleka ndoo ya mwisho, akarudi na neno. Mama alisema: "Mwambie Papa aksanti. Na mwulize, juma lijalo?"

Wapendwa, neno hilo ndilo mtihani wa mfungo wote. Kama juma lijalo tunarudi kama zamani, basi siku 40 zilikuwa ratiba tu, na ratiba inafaa kiuno, haifai ufalme wa Mungu. Tuliongea na mama watoto usiku ule. Tumekubaliana kwamba chai ya asubuhi tutakunywa, kwa sababu kazi ya mbao ni ngumu na miaka inaongezeka. Lakini siku ya tatu na siku ya tano tunabaki na ratiba yetu, kimya, na ndoo imebaki jikoni. Wakati mwingine inajaa, wakati mwingine iko nusu. Kuna juma moja haikuenda kabisa, kwa sababu atelie haikuuza kitu. Tulikwenda sisi wenyewe kumwambia mama, tukakaa naye, tukaomba pamoja naye tumbo tupu. Siku ile, labda kwa mara ya kwanza, sote wawili tulikuwa kwenye benchi moja kweli.

Basi, kwa ulizo la mwanzo tunajibu hivi. Hapana, kila njaa si mfungo. Njaa ya kuchagua inakuwa mfungo pale tu sahani iliyobaki inapopata mwenye kuila. Njaa ya kukosa ni deni, na walio na sahani ndio wenye deni. Tusiwaambie wenye njaa wamtolee Mungu njaa yao. Tuwaulize ratiba yao ni gani, kisha tutengeneze ya kwetu kufuatana na yao.

Kila mmoja apime nyumba yake, na kikombe chake, na mlango wa jirani yake. Mungu wa Hajiri na wa Eliya awape nguvu. Amina.

Ni sisi, shemasi wenu, Majengo.